Bela Lugosi's Dead: Deni la Northampton kwa Kingston

Ahsanteni sana. Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, ndugu zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, karibuni.

Baadhi yenu mmeshanisikia nikilizungumza jambo hili kwingine, na mmoja kaniuliza pale mlangoni, "Mwalimu, na leo tena ni Jamaika?" Na leo tena ni Jamaika. Nitalisema hivyo hivyo, kwamba wimbo wa vijana wa Northampton, Uingereza, una deni kwa Kingston, Jamaika, mpaka wanaoandika historia ya roki ya kigothi, roki ile ya giza na ya kutisha, waache kuliruka.

Wimbo wenyewe mnaujua, vinginevyo msingekuja. "Bela Lugosi's Dead", yaani Bela Lugosi amekufa, yule mwigizaji wa Dracula, mnyonya damu wa kwenye filamu, ni wimbo wa kundi la Bauhaus, na ulitoka tarehe 6 Agosti 1979. Kila anayesimulia chimbuko la roki ya kigothi huanzia hapo. Atakwambia huu ndio wimbo wa kwanza wa mtindo huo, kisha hapo hapo anarukia popo, majeneza, nguo nyeusi, wanja mzito na nyuso zilizopakwa poda. Hayo yote yapo, sibishani nayo. Lakini mwulize swali moja tu: huu mdundo umetoka wapi? Hapo anakaa kimya, au anakujibu kwa makasri ya Ulaya ya kale. Kasri halipigi besi, ndugu zangu.

Panki, ile roki ya haraka haraka na ya hasira, ilikuwa nini, kwa nini vijana wa Uingereza walikuwa na hasira mwaka 1977, hayo mmeyasikia mara nyingi. Nayaacha. Twendeni moja kwa moja Wellingborough.

Wellingborough ni mji mdogo katika jimbo la Northamptonshire. Tarehe 26 Januari 1979 vijana wanne kutoka Northampton wanaingia Beck, studio ya fundi mitambo mmoja aitwaye Derek Tompkins. Kundi lao lina umri wa wiki sita hivi. Onyesho lao la kwanza walilifanya mkesha wa mwaka mpya, kwa hiyo hata mwezi haujatimia tangu wapande jukwaani. Mwimbaji ni Peter Murphy, kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa, na siku hiyo ana mafua. Gita analo Daniel Ash. Besi ni David J. Kwenye ngoma yupo mdogo wake David, Kevin Haskins, ana miaka 18. Wana saa sita za studio. Ndani ya saa hizo sita wanarekodi nyimbo tano, na mmojawapo ndio huu. Ule tunaousikia mpaka leo ndio walioupiga mara ya kwanza, hawakuurudia.

Sasa nawaomba muusikilize kwa masikio, muache kuutazama kwa macho. Tatizo la wimbo huu ni kwamba watu wameutazama mno.

Kinachoanza ni ngoma. Kijiti kinagonga ukingo wa ngoma ndogo, kikavu, na matoazi yanakwenda nayo. Ule ni mpigo wa bossa nova. Kevin mwenyewe amesema wazi kwamba ulikuwa mmoja wa mipigo michache aliyoijua wakati huo. Bossa nova ni mtoto wa samba, na samba waliibeba Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil. Tayari, kabla hata gita halijalia, tumeshavuka bahari. Kisha inaingia besi ya David J, noti chache zinazoshuka taratibu, zinarudi juu, zinashuka tena, nayo ndiyo inayobeba wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha gita la Daniel Ash, ambalo halipigi wimbo wowote kwa kweli, linakwaruza, linalia, linanyamaza. Na juu ya vyote hivyo kuna mwangwi. Ule ukingo wa ngoma ndogo unaugonga mara moja lakini unausikia mara nane, ukififia, ukirudi. Mwimbaji hajafungua kinywa bado. Inapita dakika moja. Inapita ya pili. Sauti ya Murphy inaingia ikiwa inakaribia dakika ya tatu.

Nani aliwafundisha vijana wa Northampton kwamba mwimbaji anaweza kusubiri nje dakika tatu, na besi ikaongoza, na mwangwi ukawa ala kamili kama gita?

Hapa ndipo mtanivumilia, maana kisa hiki nakipenda na sitakikata.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Spanish Town, Jamaika, palikuwa na bwana mmoja mwenye mitambo ya muziki wa kuchezesha watu mitaani, anaitwa Ruddy Redwood. Wenye mitambo hii walishindana vikali. Aliyekuwa na santuri ambayo mwenzake hana, huyo ndiye aliyejaza uwanja. Kwa hiyo Redwood alikuwa akienda Kingston, studio ya Treasure Isle ya Duke Reid, kuchongewa santuri zake maalumu. Siku moja fundi anamchongea wimbo wa The Paragons, uitwao "On the Beach", na katika kuchonga anasahau kufungulia sauti za waimbaji. Ikatoka santuri ya ala tupu. Mtu mwingine angesema itupwe. Redwood akasema hapana, niachie hivyo hivyo. Usiku ule akapiga kwanza ule wenye sauti, watu wakacheza. Kisha akapiga ule wa ala tupu. Uwanja mzima ukaanza kuimba wenyewe! Maneno walikuwa nayo kichwani, nafasi walikuwa wamepewa, wakaijaza. Ikabidi aurudie na kuurudia.

Mtayarishaji Bunny Lee, aliyekuwapo zama hizo, amekisimulia kisa hiki kwa miaka mingi, na yeye ndiye aliyempelekea habari hizo Osbourne Ruddock, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la King Tubby. Tubby hakuwa mpiga gita wala mwimbaji. Alikuwa fundi wa vifaa vya umeme, anatengeneza redio, anatengeneza vipaza sauti, na ana mitambo yake ya kuchezesha. Nyumbani kwao, Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse, Kingston, akatengeneza studio ndogo kiasi kwamba bendi haiwezi kuingia humo. Waimbaji walirekodi sauti bafuni. Kwa hiyo hakuwa na namna ya kurekodi bendi. Alichoweza ni kuchukua utepe uliorekodiwa na wengine na kuuchezea. Anaondoa sauti ya mwimbaji, anaiacha besi na ngoma. Anarudisha neno moja tu la mwimbaji, analitupa kwenye mwangwi, analizima. Anafungua gita kwa nukta mbili, analifunga. Meza ya kuchanganyia sauti, ambayo kwa wengine ilikuwa kifaa cha kupimia, kwake ikawa ala. Muziki huo ukaitwa dabu.

Dabu ni kama nyumba uliyoijua tangu utoto, umerudi umekuta samani zote zimetolewa. Kuta ni zile zile. Ukikohoa, kikohozi kinakurudia. Hakuna aliyekutisha, na bado unasimama mlangoni huku ukisitasita kuingia. Hofu hiyo ndiyo ninayoisema. Tubby na wenzake waligundua jinsi ya kuitengeneza hofu hiyo kwa mikono, kwa kupunguza, bila kuongeza hata jini mmoja.

Sasa uchukue ujuzi huo, uupeleke England. Njia haihitaji kubuniwa. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury mwaka 1948, ikafuatiwa na nyingine, na Wajamaika waliokwenda kufanya kazi kwenye reli, hospitali na viwanda walikwenda na mitambo yao ya muziki. Northampton nayo ilikuwa na watu wake wa Karibi. Vijana weusi wa mji huo, mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuwa na kituo chao, Matta Fancanta, katika jengo la zamani la Salvation Army mtaa wa Sheep Street. Sisemi kwamba Bauhaus walikulia humo ndani. Nasema dabu haikuwa jambo la mbali kwa kijana yeyote wa mji ule mwenye masikio.

Kule London, Don Letts, mwana wa Wajamaika, alikuwa ndiye mpiga santuri wa klabu ya Roxy mwaka 1977. Santuri za panki zilikuwa bado hazijatosha hata za kujaza usiku mmoja, kwa hiyo katikati ya makundi alipiga rege na dabu. Kizazi kizima cha wanamuziki weupe kilisimama pale na vinywaji mkononi, wakasikia besi. Matokeo yake yalionekana mwaka 1979. Kundi la The Slits lilitoa albamu yake ikiwa imetayarishwa na Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados. Kundi la Public Image Ltd likatoa albamu ya Metal Box, ambayo bila besi ya Jah Wobble haisimami. Na mwezi Agosti wa mwaka huo ndio ukatoka wimbo wetu.

Najua kuna anayesema moyoni: huenda vimefanana tu kwa bahati. Hapana. Wenyewe wamesema. David J amesema katika mahojiano kwamba walikuwa wakiipenda sana dabu, na kwamba wimbo huu ulikuwa namna yao ya kuipiga. Mnataka ushahidi zaidi? Mwaka 1983 kundi hilo hilo likatoa "She's in Parties". Sikilizeni unavyomalizika, kisha tafuteni santuri ya inchi 12 ya wimbo huo. Kuna toleo lake lililopewa jina la dabu waziwazi. Mtoto anapomtaja baba yake, jirani hana haki ya kumbishia.

Kuna anayesema: lakini uzito wa wimbo ni maneno. Ni habari za Dracula, na Dracula ni wa Ulaya.

Maneno niyape haki yake. Bela Lugosi alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Lugos, wakati huo ukiwa Hungaria, leo uko Romania, na jina la kisanii akalichukua kutoka kwenye mji huo. Alihamia Marekani, akacheza Dracula jukwaani Broadway mwaka 1927, kisha kwenye filamu ya mwaka 1931, na tangu siku hiyo hakupewa nafasi ya kuwa mtu mwingine. Akafa mwaka 1956 Los Angeles, na familia ikamzika na joho lake la Dracula. Daniel Ash na David J walikuwa wakizungumza kwa simu kuhusu filamu za wanyonya damu zilizokuwa zikionyeshwa kwenye televisheni. David, aliyekuwa akifanya kazi ghalani, akayaandika maneno nyuma ya vibandiko vya anwani. Wazo ni zuri mno: mwigizaji amekufa, lakini aliyeigizwa hafi. Waombolezaji wanapita mbele ya jeneza la mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuamka kutoka jenezani. Nalipenda wazo hilo kwa dhati.

Lakini jaribuni jambo moja. Yachukueni maneno hayo hayo, muyaimbe juu ya gita la panki la haraka haraka, dakika mbili na nusu. Mtapata wimbo wa kuchekesha watoto. Sisi sote hapa tumekua na hadithi za mumiani, tuliambiwa tusitoke usiku, tukaambiwa gari fulani linachukua watu damu. Aliyetutisha zaidi hakuwa anayepiga kelele. Alikuwa bibi anayesimulia polepole, ananyamaza pale pale unapotaka aseme. Maneno ya David J yanatisha kwa sababu yamekawizwa dakika tatu, na kwa sababu pembeni yake pana nafasi tupu. Nafasi hiyo ilitengenezwa Kingston.

Na ninyi vijana, maana naona mmoja ananyosha mkono kabla ya wakati, mtaniuliza: kwa hiyo waliiba? Sijasema waliiba. Hawakuchukua wimbo wa mtu, na hawakuficha walichokipenda. Walijifunza namna ya kufanya kazi, wakafanya nayo jambo ambalo King Tubby hakulifikiria, na jambo lenyewe ni zuri, ninalisikiliza mpaka leo kwa furaha. Malalamiko yangu si juu yao hata kidogo. Malalamiko yangu ni juu ya wasimulizi waliokuja baadaye, wakaona ngozi na poda, wakahitimisha kwamba muziki huu ni mweupe tangu shinani. Matokeo yake leo kijana mweusi anayeupenda, awe Nairobi au Birmingham, anaulizwa unafanya nini humu. Mimi mwenyewe nimeulizwa. Anaulizwa hivyo akiwa amesimama juu ya besi ya babu zake! Hilo haliniingii akilini, na sitajifanya nimelizoea.

Tena wapo wanaosema kwamba dakika tisa na nusu ni majivuno ya vijana, wimbo ungekatwa. Kwetu hoja hiyo haina miguu. Sisi ni watu wa Franco, aliyetupa "Mario" ya zaidi ya dakika 13 na hakuna aliyeomba ikatwe. Ni watu wa santuri zilizogawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande mwingine, unageuza unaendelea. Lakini Bauhaus hawakutaka kuukata katikati, na ndiyo maana ukatoka kwenye santuri ya inchi 12, ambayo mifereji yake ina nafasi ya kutosha besi nzito na muda mrefu. Santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja mrefu ilikuwa chombo cha disko ya New York na cha rege. Hata umbo la plastiki yenyewe linaeleza lilikotoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona. Basi yaliyobaki nitayapitia mbiombio, na mengine nitayaacha kabisa.

Walioutoa ni Small Wonder, lebo ndogo iliyoanzia kwenye duka la santuri la Pete Stennett huko Walthamstow, London, ambayo ilikuwa pia imeutoa wimbo wa kwanza wa kundi la The Cure. Nakala 5,000 za mwanzo zilikuwa za plastiki nyeupe. Picha ya jalada ilitoka kwenye filamu ya zamani isiyo na sauti, The Sorrows of Satan ya mwaka 1926. Wimbo haukuingia kwenye chati kuu ya Uingereza, ila ulikaa kwenye chati ya lebo huru muda mrefu sana. Bauhaus wenyewe wanasimulia kwamba waliupeleka BBC kwa mtangazaji John Peel, naye akaupiga wote hewani akidhani hataupiga tena, kisha simu za wasikilizaji zikamlazimisha.

Mwaka 1982 ikafunguliwa klabu ya Batcave, mtaa wa Soho, London, na hapo ndipo mavazi ya kigothi yalipokamilika. Nawaomba mzingatie tarehe: sauti ilitangulia mavazi kwa miaka mitatu. Mwaka 1983 mwongozaji Tony Scott akaifungua nao filamu yake ya wanyonya damu, The Hunger, Catherine Deneuve na David Bowie wakiwinda ndani ya klabu huku Murphy akiimba nyuma ya wavu. Filamu hiyo ndiyo iliyoufikisha wimbo kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Soho, na ndiyo pia iliyoufanya uanze kutazamwa badala ya kusikilizwa. Kundi likavunjika mwaka huo huo.

Murphy baadaye alihamia Uturuki na akasilimu. Hilo lina mhadhara wake, kuna ndugu zetu wa pwani wangelifurahia. Kesi ya warithi wa Lugosi dhidi ya kampuni ya Universal, iliyoamuliwa California mwaka huo huo wa 1979, ikisema warithi hawana haki ya kuizuia sura ya baba yao isitumike, nayo niliiandaa, nairuka.

Nisichoweza kukiruka ni wale waliourudia, kwa sababu wao wanashuhudia upande wangu. Mwaka 2006 kundi la Ufaransa, Nouvelle Vague, liliurekodi kwa mtindo wa bossa nova. Watu wakadhani ni kiroja. Hakuna kiroja, waliurudisha kwenye mpigo wake. Kisha njooni mwaka 2019. Massive Attack wa Bristol, kundi lililotokana na mitambo ya muziki ya mitaani ya mji ule, wanazunguka na onyesho la kuadhimisha albamu yao Mezzanine. Katika onyesho hilo wanapiga "Bela Lugosi's Dead". Na mmoja wa waimbaji wao katika safari ile ni nani? Horace Andy, Mjamaika, mzaliwa wa Kingston, aliyeanza kurekodi zama zile zile Tubby akichezea tepu zake Waterhouse. Jukwaa moja, usiku mmoja, wimbo wa Northampton na mzee wa Kingston. Nilisoma taarifa nyingi za maonyesho yale. Walitaja taa, wakataja picha zilizokuwa nyuma ya jukwaa. Sikuona aliyeuliza kwa nini wimbo ule ulikaa vizuri namna ile pale.

Mwenyekiti, nimemaliza. Fundi mitambo, santuri iko pale pembeni yako, weka upande wa kwanza na uipandishe besi kuliko ulivyozoea. Tutaisikiliza yote, kisha yule kijana aliyenyosha mkono mapema ataanza kuuliza.